Nyota Iliyo Ndani ya Bahasha

Chumba cha kutazamia kilikuwa cha tatu mkono wa kushoto, ukishapita stoo ya karatasi, na hakikuwa na kitu cha kumvuta mtu jicho. Kuta zilipakwa rangi ya majivu. Dirishani palikuwa na mapazia mawili, moja jepesi na moja zito, na hilo zito Bibi Darubini alilipinda mwenyewe kwa mkono, mishono midogomidogo kama ya nguo ya mtoto mchanga. Fundi aliyeletwa mwanzo aliacha upindo mmoja ukining'inia chini kuliko mwingine, na jambo hilo lilimkera kila alipotaka kufumba macho. Meza moja, viti viwili vinavyotazamana. Saa ya ukutani iliondolewa zamani kwa sababu mlio wake uliwavuruga waonaji, likabaki duara jeupe mahali ilipokuwa.

Mezani ililala bahasha ya kaki, imebandikwa kwa gundi na kupigwa mhuri wa namba: 417.

"Weka kiganja, Mama," alisema binti yake kutoka kiti cha pili, penseli mkononi. Tangu utotoni watu walimwita Kalamu, kwa kuwa hakuonekana bila kitu cha kuandikia. Sasa alikuwa na miaka thelathini na moja. "Elekea kwenye lengo. Kuna nini?"

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya Taasisi. Mambo ya angani yaliyowashinda wanafalaki na darubini zao, Taasisi iliyatafuta kwa watu wenye kipaji cha kuona mbali. Swali linapigwa chapa kwenye karatasi, linafungwa ndani ya bahasha, mwonaji anaweka kiganja juu yake bila kujua kilichomo, anafumba macho nusu na kusema anachokiona. Muulizaji anayekaa mbele yake anauliza na kuandika tu. Haruhusiwi kusema ndiyo, haruhusiwi kusema siyo.

"Giza," alisema Bibi Darubini. "Kuna kitu kinang'aa."

"Kiko peke yake?"

"Kiko peke yake..." Penseli ilikuwa kimya. "Hapana. Kuna kingine kidogo, kinapita mbele yake."

Penseli ikaanza kukwaruza karatasi.

"Hicho kidogo kikoje?"

"Kigumu." Penseli haikusogea. "Kigumu katikati, lakini hakijatulia. Kinamomonyoka."

Kwaru, kwaru, kwaru.

"Kinamomonyoka vipi?"

"Kama gunia la unga lililotoboka, mtu analiburuta. Mbele pazito. Nyuma unga umebaki hewani, unapungua, unapungua, mpaka unakwisha."

Kalamu alivuta pumzi ndefu, akageuza ukurasa. Bibi Darubini akaomba karatasi na kuchora: donge dogo lenye mkia wa vumbi, kwenye uso wa duara kubwa. Alichora bila kusita hata mara moja, na alipomaliza alijisikia mwepesi, kama mtu aliyetua ndoo ya maji kichwani.

Mkurugenzi hakuufurahia mchoro ule. Bahasha 417 ilihusu nyota ambayo mwanga wake hufifia kila baada ya muda kisha ukarudi, na wanafalaki walikuwa hawajakubaliana kwa nini. Yeye alikuwa na tamaa yake: viumbe wa angani. Katika chumba cha pili, mwonaji mwingine, mzee aliyewahi kuendesha malori na ambaye wote walimwita Dereva, alikuwa ameona mnara mrefu na viumbe wembamba wakipandisha vyuma.

"Vumbi?" Mkurugenzi aliuliza, ameishika karatasi kama anayeshika nepi. "Bibi Darubini, wewe unaniletea vumbi?"

"Nimeona vumbi, Mkurugenzi."

"Mwenzako ameona mnara!"

"Mwambie akafagie," alisema Dereva kutoka mlangoni. "Vumbi la kwake limeingia kwenye mnara wangu."

Wakacheka. Hata hivyo sheria ni sheria. Michoro yote miwili ilitiwa tarehe, ikaambatanishwa na maelezo ya waulizaji na kutumwa kwa rejista kwenye kituo kikubwa cha darubini, ili siku jibu likipatikana Taasisi iwe na ushahidi.

Kabla ya Taasisi, Bibi Darubini alikuwa fundi cherehani wa sare za shule. Sifa yake ilianza siku jirani yake alipopoteza funguo akaja kulalamika kibarazani, akihema, akizungusha macho. Yeye, uzi mdomoni na sindano mkononi, akamwambia, "Ziko ndani ya pipa la mchele." Zikakutwa. Baada ya funguo ikaja pete, baada ya pete cheti cha kuzaliwa. Mwisho akaja Mkurugenzi, wakati huo mwalimu wa jiografia aliyeacha kazi, akiwa na bahasha zake.

Miaka ya mwanzo alipata na kukosa kama watu wote. Likizo moja Kalamu, akiwa amebakiza mwaka mmoja amalize sekondari, aliletwa ofisini kusaidia kupiga chapa maswali na kufunga bahasha, maana mpiga chapa alikuwa amekwenda kujifungua. Siku muulizaji alipougua, Kalamu akaambiwa akalie kile kiti. Siku hiyo mama yake aliona yote. Kesho yake tena. Juma zima hakukosa hata bahasha moja.

"Bila wewe sioni, mwanangu," alimwambia. "Mungu ameyaweka macho yangu kwako."

Mpiga chapa hakurudi, na Kalamu hakurudi shule. Mwalimu wake wa hesabu alikuja nyumbani mara mbili. Mara ya kwanza alikunywa chai na kuzungumza kwa heshima. Mara ya pili alisimama akaondoka, kikombe kimejaa mpaka ukingoni.

Kwa miaka kumi na miwili, basi, kazi zote mbili zilikuwa mikononi mwa mtu mmoja. Asubuhi Kalamu alisoma majarida ya wanafalaki, akapiga chapa swali, akakunja, akabandika, akagonga mhuri. Mchana alikaa mbele ya mama yake na kumuuliza kilichomo ndani. Mkurugenzi aliyeondoa saa kwa ajili ya mlio wake, aliyekataza manukato, aliyewavua waonaji viatu ili ardhi isiwasumbue miguuni, hilo halikumpitia kichwani hata siku moja. Wala hakuna mwingine aliyelifikiria.

Jumamosi moja Bibi Darubini alikuwa akitafuta karatasi yenye miraba ya kukatia kiolezo cha kola. Akachukua daftari la Kalamu kwenye rafu. Katikati ya kurasa zilizojaa tarakimu akakutana na donge dogo lenye mkia, kwenye uso wa duara kubwa. Pembeni kulichorwa mstari unaoanguka ghafla na kupanda polepole, na chini yake maandishi: *Ingekuwa sayari nzima mwanga ungeshuka na kupanda sawasawa. Hiki kinameguka. Mbele pazito, nyuma vumbi.*

Akatazama tarehe. Majuma matatu kabla ya bahasha 417.

Alitoka nalo hadi uani. Kalamu alikuwa akikamua shuka nzito peke yake, maji yakimchuruzika viwikoni.

"Hiki ni nini?"

"Daftari langu, Mama. Shika upande huo wa shuka, inanishinda."

Bibi Darubini akaliweka daftari juu ya ndoo iliyofunikwa, akashika ncha ya shuka. Wakasimama wakitazamana, kila mmoja akisokota upande wake.

"Mchoro huo ni wangu," alisema mama.

"Tazama tarehe."

"Nimeitazama. Ndiyo maana nakuuliza."

Kalamu alisokota kidogo, maji yakamwagika. "Ile grafu ilikuwa kwenye jarida. Niliitazama siku nyingi. Nikapiga hesabu mpaka zikakubali. Halafu nikapiga chapa swali, nikafunga bahasha, nikaja kukaa mbele yako."

"Kwa hiyo unaniita mwongo. Mimi, mama yako."

"Hujawahi kudanganya, Mama. Unaona kweli. Ila unachokiona ni mimi."

"Usinifumbie."

"Sikufumbii. Penseli ikisimama, unageuza maneno. Nikipumua, unajua umefika. Hata kope zangu unazihesabu, na mwenyewe hujui kama unahesabu. Unakumbuka ile bahasha ya sayari yenye pete? Ulianza kusema pete, nikanyamaza. Ukasema pembe, nikaandika kwa nguvu, makusudi, nione. Ukachora pembe. Ukachora na kwato! Mkurugenzi akaandika kwenye ripoti kwamba kule kuna mifugo."

Bibi Darubini alitaka kucheka, akasokota shuka badala yake.

"Tangu lini unajua?"

"Mwaka wa tatu."

"Miaka tisa umekaa na hili moyoni!"

"Ningefanyaje? Cherehani ulishampa shangazi. Heshima yako yote iko kwenye kile kiti. Watu wanakuamkia njiani kwa ajili ya kile kiti. Na uliniambia bila mimi huoni, nami nikaona kumbe ni kweli tupu."

Shuka ilikuwa imekamuka vya kutosha, lakini hakuna aliyeiachia.

"Kuna barua imekuja jana," Kalamu akaendelea, sauti chini. "Yule mwanafalaki mkuu wa kituo cha darubini anakuja Alhamisi. Ameuona ule mchoro. Mama, nakuomba kitu kimoja, na sijawahi kukuomba kitu. Akiuliza nani alifikiria jambo lile, sema. Mimi sitasema. Siwezi kusimama mbele za watu nikamvua mama yangu nguo. Sema mwenyewe, kwa namna unayoipenda. Sema tulifanya wote wawili. Hata hilo litanitosha."

"Nitasema."

"Kweli?"

"Mimi si mama yako? Nimesema nitasema."

Kalamu akatabasamu kwa uso mzima, kama alivyotabasamu darasa la tatu alipoleta nyumbani karatasi ya hesabu isiyo na kosa hata moja. Wakaitandaza shuka juu ya kamba na kunyoosha pindo zake.

Alhamisi ukumbi wa Taasisi ulifagiliwa mara mbili. Viti vilipangwa, soda zikatiwa kwenye beseni la barafu, waonaji wote sita wakaja wamevaa vizuri. Bibi Darubini alivaa gauni lake la rangi ya zambarau, lile la mikono mirefu, na njiani watu watatu walikuwa wamemsalimu kwa kuinama.

"Leo umeletewa darubini mwenzio," Dereva alimnong'oneza. "Angalia msije mkatazamana mkapasuka vioo."

Mwanafalaki alikuwa mwanamke mfupi wa makamo, viatu vya kamba, mkoba wa turubai begani. Alikataa soda, akaomba maji. Hakuwa na maneno ya kupamba.

"Mwezi uliopita tulifanikiwa kuupima mwanga wa ile nyota rangi kwa rangi," alisema. "Kitu kizima kingezuia rangi zote sawa. Hiki kinazuia buluu zaidi kuliko nyekundu. Ni vumbi. Kuna sayari ndogo inachomwa na nyota yake na kumeguka, na vumbi lake linaifuata kama mkia. Hatujalichapisha popote. Halafu nikafungua bahasha yenu, nikaukuta mchoro huu, na tarehe yake inatangulia vipimo vyetu."

Ukumbi ulilipuka makofi. Mkurugenzi alisimama, akakaa, akasimama tena. Aliyekuwa akilidharau vumbi sasa alikuwa baba yake vumbi. "Nilisema! Siku ileile nilisema!"

Mwanafalaki akangoja makofi yaishe. Hakuwa amepiga hata moja.

"Naomba mnisamehe, mimi siamini mambo ya bahasha," alisema. "Ila hiki nakiamini." Akatoa karatasi nyingine, ile ya maelezo ya muulizaji. "Hapa pembeni, kwa mwandiko mdogo, kumeandikwa: mwanga unaanguka ghafla, unapanda polepole. Haya si maneno ya mtu aliyeota. Haya ni maneno ya mtu aliyekaa na grafu na kupiga hesabu. Pale kituoni kuna msaidizi wangu anaondoka. Atakayekuja nitamfundisha mwenyewe, juu ya kazi. Siulizi vyeti, nauliza kichwa. Kwa hiyo nauliza kwa nia njema: nani alipiga hesabu?"

Macho yote yakamgeukia Bibi Darubini, kwa kuwa mchoro ulikuwa na jina lake.

Alisimama. Maneno alikuwa nayo tayari, aliyapanga usiku na mchana tangu Jumamosi: *Ni binti yangu. Mimi nilichora tu kilichokuwa kichwani mwake.* Maneno mafupi, hata mtoto angeyasema. Akamtafuta Kalamu, aliyekaa mstari wa pili karibu na ukuta. Kalamu alikuwa ameinamisha kichwa na kutazama mikono yake mwenyewe, kwa makusudi, ili asimsukume mama yake kwa jicho wala kwa pumzi. Alitaka maneno yatoke kwake mwenyewe.

Basi kwa mara ya kwanza baada ya miaka kumi na miwili Bibi Darubini alisimama kuzungumza bila uso ule mbele yake. Alichokiona badala yake ni nyuso nyingine: Mkurugenzi amefumbata mikono kifuani kama yuko ibadani, waonaji wenzake wamenyoosha shingo, Dereva ametoa kofia. Akawaza kesho. Akawaza njia ya kwenda sokoni, na watu wasioinama. Akawaza neno ambalo Dereva angelitunga, na namna ambavyo lingechekesha.

"Hakuna aliyepiga hesabu," alisema. "Niliona. Nikamwambia, akaandika."

Mwanafalaki aliitazama tena ile karatasi. Kisha akageukia mstari wa pili. "Na wewe dada, ndiwe uliyeandika?"

Kalamu aliinua kichwa. Hakumtazama mgeni, alimtazama mama yake, na mama yake akaanza kunyoosha mkono wa gauni uliokwisha kunyooka.

"Ndiyo," alisema Kalamu. "Niliandika alichokisema."

"Basi nimekosea mlango." Mwanafalaki akarudisha karatasi kwenye mkoba, akamaliza maji yake kwa kuwa ni adabu, akawashukuru wote na kwenda zake. Kishindo cha mlango wa gari lake kilisikika hadi ndani. Ndipo Mkurugenzi akaagiza soda zifunguliwe.

Kalamu hakugombana. Laiti angegombana. Alikwenda kwenye meza yake, akafungua droo, akapanga mihuri kwa ukubwa, akaweka ufunguo juu ya jarida la mwisho na kutoka. Jioni, Bibi Darubini aliporudi nyumbani, rafu ilikuwa tupu na kitanda kimetandikwa vizuri, pembe zimekunjwa kama za hospitali.

Mchoro ulitiwa ndani ya fremu ya kioo na kutundikwa mlangoni mwa Taasisi. Akaletwa muulizaji mpya, mpwa wa Mkurugenzi, msichana mpole aliyependa sana chakula cha mchana. Bahasha ya kwanza, Bibi Darubini aliweka kiganja, akafumba macho nusu, akangoja. Akaona kope zake mwenyewe tu. Akautazama uso wa msichana, akasoma humo njaa na kutojua, basi.

"Mama, ni joto au baridi?" msichana aliuliza.

"Baridi."

Msichana akaandika kwa mwendo uleule. "Kubwa au dogo?"

"Dogo. Kubwa."

"Niandike lipi?"

Bahasha kumi na moja zilifuata hivyohivyo. Mkurugenzi, ambaye hakuwa mtu mbaya, alimwambia amechoka, kazi ile kubwa imemnyonya nguvu, apumzike. Akamwekea kiti chini ya fremu. Wageni wakija, Bibi Darubini huwaeleza siku alipoliona vumbi. Huwaeleza vizuri, hasahau kitu, na Dereva akipita humwambia, "Leo umeongeza chumvi kidogo, dada, lakini imekolea."

Miezi minne ilipita ndipo alipokwenda kumtembelea binti yake. Kalamu alikuwa amepanga chumba nyuma ya duka la kupiga chapa, na hapo dukani ndipo alipofanya kazi, akichapa barua za maombi za watu wengine. Alimpokea mama yake kwa heshima zote. Alimpangusia kiti, akachemsha chai, akauliza habari za goti lake na za jirani. Chumba kilikuwa safi. Hapakuwa na daftari popote.

"Nimekuja kusema," alianza Bibi Darubini. "Nitamwandikia yule mwanamke. Nitamweleza yote, kwa mkono wangu mwenyewe. Hata kama mwandiko wangu ni wa kitoto, atasoma."

"Asante, Mama. Ile nafasi imekwisha pata mtu. Niliuliza."

"Uliuliza?"

"Nilimpigia simu mwenyewe. Nikamweleza. Akasema, 'Mbona mama yako alikana mbele yako, nawe ukakubali?' Akasema hawezi kujua lipi ni lipi, na kazi yao haichukui mtu wa kubahatisha." Alimwongezea chai. "Ana haki. Hata mimi ningesema hivyo."

Bibi Darubini aliweka kikombe chini. Alitaka kujua kama amesamehewa, au anachukiwa, au ni kipi kati ya hivyo, maana mtu akishajua anajua alie vipi. Akautazama ule uso. Akatazama kope, pembe za mdomo, pumzi pale penye shimo la shingo. Kalamu alimwacha atazame. Uso wake ulitulia kabisa, kama wa karani nyuma ya dirisha akisubiri anayefuata asogee.

"Goti likizidi, nenda hospitali, usingoje," alisema Kalamu.

"Nitakwenda."

Akasimama, akafunga kanga vizuri, akasema ngoja awahi kabla jua halijawa kali. Kalamu alisimama naye na kumsindikiza. Alimsindikiza hadi mlangoni, akamwambia asalimie huko, akarudi ndani. Barabara ilikuwa hatua kumi tu kutoka pale.